Rubani wa manowari anarudi nyumbani: siku ya kumpokea na wiki za mwanzo

Bint_Tudor aliuliza:

Habarini za humu. Naomba msaada kwa wanaolijua jeshi la maji la Marekani, hasa upande wa ndege. Mume wangu ni rubani wa ndege ya kivita ya Super Hornet, ile ya kiti kimoja, kikosi chake kiko Oceana, Virginia Beach. Wako na manowari ya kubeba ndege, na tumeambiwa wameshageuza njia kurudi, ila tarehe haitajwi. Ni safari yake ya kwanza tangu tuoane, na mtoto wetu amezaliwa baba akiwa majini.

Nina maswali manne. Nasikia ndege hutangulia na meli hufuata: je, ni hakika atakuja na ndege? La pili, barua pepe zake ni fupi mno na mara nyingine kimya cha siku kadhaa, na nikiuliza jibu ni "nimechoka". Kazi hiyo ikoje hasa, mtu anaruka kwa muda wa saa moja na nusu halafu anakosa dakika kumi za kuandika? La tatu, kadi yangu ya ukaazi ni ile ya miaka miwili na muda wa kuomba kuondolewa masharti umeshaingia, na saini ya mwenzangu inahitajika. La nne, mama yuko Mombasa anataka awepo siku ya mapokezi, na ndugu wa hapa Virginia wameshaanza kugawana nani aleta mchele na nani aleta nyama.

Sihitaji kuambiwa nivumilie, hilo nimeshaambiwa na wengi. Nielezeni mambo yanavyokwenda.

FundiShatiKijani alijibu:

Shemeji, hongera kwa mtoto. Mimi nichukue la ndege, maana hilo watu hulipata nusu nusu.

Manowari ikikaribia pwani, ndege hurushwa ikiwa bado iko mbali baharini, kwa kawaida siku moja au mbili kabla haijafunga gati Norfolk. Kila aina ina kwao. Super Hornet za pwani ya mashariki huenda Oceana. Hawkeye, ile yenye sahani kubwa mgongoni, hutua Norfolk. Growler, zile za kuvuruga rada za adui, zinavuka bara zima hadi kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington. Kwa hiyo ulivyosikia ni kweli, ndege hutangulia.

Sasa piga hesabu ya viti. Kikosi cha kiti kimoja kina ndege 10 hadi 12, na marubani ni wengi kuliko ndege. Lazima wengine wakose. Majina hupangwa na kamanda wa kikosi, na aliyekosa huja na meli au huletwa na ndege ya mizigo na abiria inayohudumia manowari. Usimuulize mumeo tarehe kwa barua pepe, hawezi kuiandika. Muulize tu kama jina lake limo kwenye orodha ya kurusha. Asipojibu hata hilo, mpigie ombudsmani wa kikosi, yule anayeunganisha familia na kamanda.

Hata aliyemo kwenye orodha hana uhakika mpaka ametua. Ndege hizo zimekaa miezi kwenye hewa ya chumvi. Tunaziosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tunakwangua kutu, tunapaka dawa, na bado asubuhi ya kuondoka hitilafu hujitokeza. Rubani akishawasha injini, hukunjua mabawa, hujaribu usukani, redio na ndoano ya nyuma, huku mafundi wa jezi ya kahawia na ya kijani wakizunguka ndege kuangalia chini. Bomba la haidroliki likivuja, au jenereta ikakataa kushika, ndege hiyo inatolewa kwenye foleni ya katapulti, ule mtambo wa kurushia ndege. Kuna ndege za akiba ambazo zimewashwa tayari na rubani ndani, ndizo huchukua nafasi. Zikiisha, basi. Kwa hiyo inawezekana ukasimama Oceana, ndege za wenzake zikatua, ya kwake haimo. Usishtuke. Hapo mara nyingi maana yake ni hii: amebaki kwenye sitaha na ndege mbovu, atarushwa ikitengenezwa au atakuja na meli. Kikosi huwa kinaarifiwa kabla ndege hazijafika, na mtu atakuja kukwambia.

Hali ya hewa nayo ina sauti. Mawingu mazito Oceana au bahari iliyochafuka inaweza kusogeza shughuli nzima kwa saa kadhaa au siku nzima. Ndiyo maana watu wazoefu hawamkatii ndugu tiketi ya ndege kwa ajili ya siku hiyo.

Zikifika, utaziona zikipita juu ya uwanja kwa pamoja kwa mpangilio, kisha zinaachana moja moja na kutua. Zitaegeshwa mstari mmoja, injini zitazimwa, vioo vitafunguliwa, ndipo watashuka. Kati ya kupita juu na kumshika mkono inaweza kufika nusu saa, na ni nusu saa ndefu. Usivuke kamba hata ukimwona. Injini iliyozimwa bado feni yake inazunguka, na breki za magurudumu zina moto wa kuunguza. Maputo, vikaratasi vya kumetameta na maua yanayopukutika yaachwe ndani ya hangari: kitu chochote chepesi kikipeperuka uwanjani kinaweza kuvutwa na injini na kuharibu mapanga yake. Manowarini watu hupanga mstari kila siku kutoka ubavu hadi ubavu wa sitaha, wakaokota hata kijiwe na kipande cha waya. Uwanjani kanuni ni ileile.

Masikio ya mtoto. Nunua vile vizibo vya masikio vya kuvaa kichwani vya watoto wachanga, na umzoeze nyumbani kwa dakika chache siku za kabla. Pamba haitoshi kabisa.

Halafu usitegemee begi. Super Hornet haina buti ya mizigo, kwa hiyo nguo na zawadi zake zitakuja na meli. Atakachokuja nacho ni suti ya kurukia, na suti hiyo itanuka mafuta ya ndege. Manowari hutumia JP-5, mafuta ambayo mvuke wake haushiki moto mpaka yafike joto la nyuzi 60, kwa usalama wa melini, na harufu yake hukaa kwenye kitambaa. Ifue peke yake, mara mbili ikibidi, na usiweke kabisa kile kilainisho cha nguo wala wanga. Kilainisho huacha utando unaoshika moto, na kitambaa hicho kimetengenezwa makusudi kisiwake.

MamaMishi alijibu:

Bint Tudor mwanangu, hapa niongelee karatasi na mawasiliano.

Anza na kadi, maana ina siku ya mwisho. Fomu I-751 ya pamoja, ile ya kuondolewa masharti, hupelekwa ndani ya siku 90 kabla ya kadi kuisha, na nyote wawili mnasaini. Hati ya uwakili aliyokuachia haifai hapa, hata kama ni ile ya jumla inayokuruhusu kuuza gari. Uhamiaji wanataka saini ya mkono wake mwenyewe. Lakini wanakubali nakala ya saini hiyo: yeye achapishe ukurasa wa saini manowarini, asaini kwa kalamu, auskani, akutumie, wewe uchapishe na kuweka kwenye fomu. Asiandike jina kwa kompyuta, fomu itarudishwa. Manowari ya kubeba ndege ina ofisi ya mwanasheria wa jeshi, amwone huko. Kama kadi yako ina wiki nyingi bado na wao wako njiani, subiri asaini mezani kwako. Kama siku zimebaki chache, usisubiri, kwa sababu kama mnavyosikia safari huongezwa. Manowari ya Eisenhower iliondoka Norfolk tarehe 14 Oktoba 2023, ikaongezwa muda mara mbili, ikarudi tarehe 14 Julai 2024. Kuna watu hati zao za uwakili ziliisha katikati. Ndiyo maana ya kuweka miezi kadhaa ya ziada baada ya tarehe ya kurudi mnayoitarajia.

Pamoja na I-751 weka vitu vinavyoonyesha maisha ya pamoja ingawa hamkukaa pamoja: mkataba wa nyumba, akaunti ya benki ya majina mawili, cheti cha mtoto, karatasi ya kusajiliwa kwako kama mtegemezi wake jeshini, na nakala ya amri ya safari inayoeleza kwa nini hakuwepo nyumbani. Ukipokelewa utapata barua inayorefusha kadi kwa miezi 48. Ihifadhi pamoja na kadi yenyewe, usisafiri nje bila hiyo.

Mtoto ameshasajiliwa? Kama bado, fomu DD 1172-2 huhitaji saini ya baba, au wewe na hati ya uwakili. Hii inakubali uwakili. Usichelewe, bima yake ya matibabu inategemea usajili huo.

Sasa kimya. Manowari ina hali ya kufunga mawasiliano, yaani intaneti na simu za watu binafsi huzimwa meli nzima au kwa makundi. Hufanywa kabla ya operesheni, na hufanywa pia mtu akiumia, ili familia yake isije ikapata habari kupitia mtandao kabla haijaarifiwa. Kwa hiyo kimya kinawahusu maelfu ya watu kwa pamoja. Mume wa mtu akifariki au akitoweka, maafisa waliovaa sare huja mlangoni ana kwa ana. Haiji kwa ujumbe wa simu wala kwa ukurasa wa kikundi cha wake. Siku ya kimya, usikae kwenye kurasa hizo, zinatia hofu tu.

Ukiandika, zipe barua zako namba. Hufika kwa mafungu na kwa mpangilio mbovu, na mtu akisoma ya saba kabla ya ya nne anadhani umekasirika bila sababu. Jambo zito liandike peke yake, na sema wazi kama unahitaji jibu au unamjulisha tu. Rubani anayekwenda kutua usiku akiwa na sentensi ya mkewe asiyoielewa kichwani, hiyo si hali nzuri.

Kuna kitu watu wa kwetu hawakitambui. Manowari ikiwa Bahari ya Shamu au Ghuba, saa yake mara nyingi ni ileile ya Mombasa, wakati wewe Virginia uko nyuma saa saba kiangazi na nane majira ya baridi. Anapopata nafasi ya simu saa tatu usiku kwake, kwako ni mchana wa kazi. Mama yako na yeye wanalala saa ileile, wewe ndiye uko mbali. Mama anaweza kumwandikia akajibiwa upesi kuliko wewe, na hilo lisikuumize.

Vifurushi sahau sasa. Posta ya meli husimamishwa wiki kadhaa kabla ya kurudi, na kitakachochelewa kitamfuata akiwa ameshakaa sebuleni. Kwa safari ijayo: andika cheo, jina na jina la kikosi chake, halafu FPO AE, yaani posta ya jeshi la maji, na namba ya posta. Bei ni kama ya ndani ya Marekani, na kuna fomu ya forodha ya kujaza. Pombe hairuhusiwi. Chokoleti huyeyuka, achari kwenye chupa humwagikia kila kitu. Kashata, tende, majani ya chai na chevda za pakiti husafiri vizuri, ukifunga kila kimoja kwenye mfuko wake usiopitisha hewa.

Jezi_Nyeupe alijibu:

Nijibu hili la dakika kumi, maana swali lako ni la haki kabisa.

Ndege hupangwa kwa mizunguko ya kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu: kundi moja linarushwa, kisha lililotangulia linatua. Lakini mzunguko mmoja humla rubani saa tano au sita. Maelezo ya kazi huanza kama saa mbili kabla ya kuruka. Kisha kuvaa, kusoma daftari la matengenezo ya ndege, kupanda sitahani, kukagua, kuwasha. Akitua, anakaa na wenzake kupitia kila hatua, kanda za video zikichezwa. Safari za juu ya nchi kavu, zenye kujazwa mafuta angani mara kadhaa, ni ndefu kuliko hapo. Na kuruka si kazi yake pekee. Rubani kijana anasimamia idara ya mafundi, au ratiba, au usalama, ana tathmini za watu za kuandika, na ana zamu za kukaa chumba cha marubani akipokea simu, au kukaa ndani ya ndege iliyofungwa tayari kurushwa ndani ya dakika tano.

Kisha kuna kutua usiku. Nalieleza kwa undani kwa sababu ndilo linalobaki mwilini. Ndege hupangwa nyuma ya manowari kama ghorofa, kila moja na kimo chake, futi 1,000 kati ya moja na nyingine. Kila rubani hupewa dakika yake ya kuanza kushuka, na lazima aifikie kwa sekunde, maana anayemfuata yuko dakika moja nyuma. Mwisho wa safari anabaki na taa moja upande wa kushoto wa sitaha tunayoiita mpira. Ikiwa sawa na mstari wa taa za kijani yuko kwenye kimo. Ikipanda juu yake amezidi. Ikishuka na kuwa nyekundu yuko chini mno na mbele yake ni chuma. Anagusa sitaha kwa mwendo wa karibu kilomita 250 kwa saa na papo hapo anasukuma injini hadi mwisho, kwa sababu hajui kama ndoano imeshika waya. Ikishika, anasimama ndani ya sekunde mbili tatu, kama mita 100. Isiposhika, hiyo inaitwa bolta: anaruka tena gizani, anazunguka, anarudi. Mafuta yakipungua anatumwa kwa ndege ya kujazia iliyo juu, halafu anajaribu tena.

Kila kutua kunapewa alama na maafisa wa jezi nyeupe wanaosimama ukingoni, na alama hizo hubandikwa ukutani kwa rangi, kila mtu akiziona. Rubani aliyetoka kwenye bolta mbili usiku wa mawingu, akala chakula cha usiku wa manane, halafu akafungua kompyuta, maneno yake mengi yameishia angani. Hilo neno "nimechoka" ndilo la kweli alilo nalo saa hiyo.

Chumba chake kiko chini kidogo tu ya sitaha. Marubani vijana hulala sita au wanane chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, na juu ya dari katapulti inapiga kishindo na mashine ya waya inalia kila ndege inapotua. Usishangae akirudi akashindwa kulala kwa sababu nyumba imenyamaza. Feni iliyowashwa husaidia siku za mwanzo.

La mwisho kwangu: usipange maisha kana kwamba akirudi amemaliza. Baada ya likizo kikosi huanza tena kuruka, na kabla hajarudi kwenye sitaha lazima afanye mazoezi ya kutua uwanjani Fentress, usiku kwa usiku. Manowari nayo hubaki kwenye utayari kwa miezi, inaweza kuitwa. Muulize ratiba ya mwaka mzima mapema na muiweke kwenye kalenda moja, ikiwa na safari fupi za mazoezi za Fallon na Key West, maana hizo ndizo huwashtua wake wapya kuliko safari yenyewe.

Bint_Tudor aliandika:

Ahsanteni sana, Mungu awape kheri. Nimemwandikia kuhusu ukurasa wa saini. Naomba mniongezee mambo mawili: huyu mtoto ambaye hajawahi kumwona baba yake isipokuwa kwenye simu, na huu ugeni wa pilau. Na tulikuwa tunafikiria kumpeleka mtoto Mombasa akaonwe na bibi yake kwenye likizo ya baba. Inawezekana?

MamaMishi alijibu:

Mtoto kwanza. Usimtie mikononi mwa baba palepale uwanjani akalia mbele ya kamera, baba akabaki na uchungu. Mtoto wa miezi michache anatambua harufu na sauti. Mbebe wewe, baba awakumbatie nyote wawili, mtoto amwangalie kwa wakati wake. Nyumbani mwachie baba kazi ndogo inayorudiwa kila siku kwa saa ileile, kuoga kwa mfano, na utoke chumbani. Akikosea kufunga nepi, mwache afunge vibaya. Ukisimama nyuma yake ukimsahihisha, baada ya wiki atakuwa anakuuliza ruhusa ya kumshika mwanawe.

Pilau isogezwe. Najua kwetu msafiri hupokewa na watu, na ndugu watasema umemficha. Waambie mapema, na uwape tarehe ya karamu, wiki ya tatu ni nzuri. Kuna sababu ya wazi ya kuwapa: tarehe ya kurudi haijulikani, na nyama haiwezi kukaa ikisubiri ndege. Siku ya kwanza mwandalie kitu kibichi. Mboga za majani na matunda mabichi ni adimu melini zikipita wiki nyingi bila bandari. Embe na kachumbari zitamfurahisha kuliko sinia ya wali.

Mama yako asipangiwe siku ya mapokezi. Kwanza tarehe inahama. Pili mgeni asiye raia wa Marekani haingii kambini kwa kuja getini na pasipoti tu, lazima ombi lake lipelekwe na kikosi mapema likaguliwe. Kama viza anayo, aje wiki ya tatu au ya nne, akae, amsaidie mtoto, nanyi mpate jioni zenu mbili tatu za kutoka. Mkwe na mkwewe wakikutana nyumba ikiwa imetulia, heshima inakaa vizuri zaidi.

Kuhusu nyinyi wawili. Umeendesha nyumba peke yako, una njia zako za pesa na za gari na za kulaza mtoto. Usimrudishie yote siku ya pili, wala usimfungie nje. Kaeni na hesabu za benki mara moja wiki ya kwanza, aone pesa zilikokwenda, bila kuamua lolote. Ununuzi mkubwa, hasa wa gari, usubiri mwezi. Akiba ya miezi ya safari huonekana nyingi ikiwa imekaa mahali pamoja, na wauza magari wa karibu na kambi wanajua kalenda ya meli.

Mwangalie usingizi, hasira za ghafla na pombe. Wakipewa madodoso ya afya, la kwanza hujazwa ndani ya siku 30 za kurudi, na jingine kati ya siku 90 na 180. Hilo la pili ndilo muhimu zaidi, kwa sababu wiki za mwanzo kila mtu ana furaha na hujibu "sijambo". Kabla hata meli haijafika, washauri kutoka kituo cha familia hupanda manowarini na kufundisha darasa la kurudi nyumbani, likiwemo la akina baba wa watoto waliozaliwa nyuma yao. Mwambie ahudhurie. Na mkihitaji mtu wa kuongea naye, Military OneSource, huduma ya familia za wanajeshi, hutoa vikao 12 vya ushauri bure kwa kila tatizo, na kasisi wa kikosi hatunzi rekodi wala haripoti kwa kamanda. Marubani huogopa kwamba wakisema jambo watazuiwa kuruka, kwa hiyo mlango wa kasisi mara nyingi ndio wanaoukubali.

NesiPortsmouth alijibu:

Mombasa inawezekana, lakini anzeni karatasi hata kabla hajatua. Likizo ya kwenda nje inahitaji kibali cha kikosi pamoja na kibali cha nchi anayokwenda kupitia mfumo wa jeshi uitwao APACS, mafunzo ya usalama yawe hayajaisha muda, na kwa sababu ana ruhusa ya kuona siri lazima ataje safari hiyo kabla. Kenya yenyewe inataka idhini ya kusafiri ya mtandaoni, iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, na mtoto aombewe yake. Mtoto pia awe na pasipoti ya Marekani, na wazazi wote wawili mtatakiwa mbele ya karani, kwa hiyo wekeni miadi kwa wiki ya kwanza ya kurudi kwake.

Lililonileta hapa ni malaria. Rubani hanunui dawa ya kinga kwa hiari yake. Mefloquine hairuhusiwi kwa wanaoruka, kwa sababu ya athari zake kwenye akili na mizani ya mwili. Lazima amwone daktari wa marubani wa kikosi, ambaye atampa dawa nyingine, na huitumia kwanza akiwa hapa, chini, ili ionekane mwili wake unaichukuaje. Hiyo inataka siku, isiachwe mpaka mkesha wa safari. Dozi huendelea baada ya kurudi Virginia pia, kwa siku au wiki kutegemea dawa, na watu wengi huikatisha wakishashuka ndege. Mtoto kipimo chake ni kwa uzito, mpelekeni kwa daktari wa watoto na mnunue chandarua kilichotiwa dawa mkifika.

Mwambie bibi mapema pia kwamba mkwewe hataweza kunywa mwarobaini wala dawa yoyote ya mitishamba bila daktari wake kujua. Si dharau. Kila anachomeza kinahesabiwa kabla hajaruhusiwa kurudi kwenye kiti cha ndege. Na mkienda kuzamia Wasini au Watamu, siku ya mwisho ya kuzamia iwe angalau saa 24 kabla ya ndege ya kurudi.

Bint_Tudor aliandika:

Nimewaelewa. Kibali cha likizo ataanza leo, pilau imehamia wiki ya tatu na shangazi amekubali shingo upande. FundiShatiKijani, hivyo vizibo vya masikio vya mtoto, nitafute vya kiwango gani?

FundiShatiKijani alijibu:

Shemeji, angalia maandishi ya kupunguza kelele kwenye boksi: tafuta vyenye 22 au zaidi, na viwe vya kamba laini ya kuzunguka kichwa, siyo ule upinde wa plastiki unaobana utosi. Vifunike sikio lote bila kulikunja. Ukimvisha, gusa pembeni: kidole kikipita kati ya mto na ngozi, kelele nayo itapita. Mvishe kabla ndege hazijapita juu, na mkae nyuma kabisa ya hangari mpaka injini ya mwisho imezimwa.

Simu yako iwe na chaji.